Maisha ya Mama Fundi, Aliyefungwa Aproni na Mkono Asiouona

Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji, mchana, katikati ya kazi, mama yake akiwa bado amechomeka sindano kwenye kola ya gauni. Baba yake alikuwa fundi cherehani, babu yake vilevile, kwa hiyo hakuna aliyepoteza muda kujiuliza mtoto atakuwa nani akikua. Wapo wanaosimulia kwamba saa ile cherehani zote dukani zilisimama zenyewe. Mimi niliyepewa kazi ya kuandika maisha haya nilimwuliza dada yake mkubwa, aliyekuwepo siku hiyo, naye akacheka hadi akashika mbavu. "Zilisimama kwa sababu sote tulikimbia kuchemsha maji!" Naliandika hili mapema ili wapendwa waamini wajue kwamba simezi kila ninachopewa. Yatakayofuata niliyapokea kwa shingo upande, nikayakubali tu kwa sababu walioyaona ni wengi na hawakukaa pamoja kupanga la kuniambia.

Aliolewa akiwa msichana, akafiwa na mume akiwa bado msichana, akabaki na mtoto mmoja wa kike ambaye kila mtu alimwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Mama alirithi duka. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, alivaa aproni yake ya kazi yenye mifuko ya chaki na mkasi, akampa mtoto mgongo ili amfunge kamba. Kidoti hakuwa mrefu, basi fundo lilikaa chini mno, nalo lilitoka na sikio moja refu na sikio moja fupi, kama sungura aliyeng'atwa. "We mtoto, unanifunga mimi au unafunga mbuzi?" mama alimtania. Naye alikuwa na jibu lake lilelile, ulimi ukiwa nje kwa bidii: "Usigeuke, mama. Sijamaliza." Majirani walilisikia jibu hilo mpaka wakaanza kulitumia kuwatania waume zao.

Mwaka ambao Kidoti alianza kusoma bila kufuatisha kidole, alishikwa na homa isiyoshuka. Alilazwa katika hospitali kubwa, wodi ya watoto, kitanda cha mwisho kando ya dirisha linaloangalia tangi la maji. Mama hakubanduka. Alilala sakafuni na kula alichogawiwa na kinamama wenzake, mpaka siku moja muuguzi alipomwambia kwamba mtoto ana nafuu, aende nyumbani alete shuka safi. Akaenda. Akapitia dukani. Kwenye cherehani kulikuwa na gauni la bibi harusi ambaye harusi yake ilikuwa kesho, limebaki upindo tu, akakaa aumalize. Upindo si kazi kubwa. Fundi mzoefu humaliza huku anapiga soga. Aliporudi wodini na shuka zake zilizopigwa pasi, kitanda kilikuwa kitupu na godoro limekunjwa. "Ulikuwa wapi, mama?" aliuliza muuguzi. Mwanamke wa kitanda cha jirani, aliyekuwa amembeba mwanawe mgonjwa na hakuweza kuinuka, alimwambia kwamba mtoto hakulia. Alitazama tu kigoda kilichokuwa wazi kando ya kitanda, akauliza, "Mama atafungwa na nani?" Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho.

Mama aliyachukua maneno hayo kama lawama. Hakuna aliyeweza kumwondolea wazo hilo, si dada yake wala padri. Kwa majuma mengi alishona bila aproni, chaki ikimchafua nguo. Halafu asubuhi moja, mlango wa duka ukiwa bado umefungwa kwa ndani, aliitundika aproni shingoni, akasimama akilia, kamba zikining'inia pande zote mbili. Kamba zikavutwa. Zilivutwa nyuma yake taratibu, zikakazwa, chini mno. Alisikia pumzi ndogo, kama ya mtu anayefanya kazi ngumu ulimi ukiwa nje. Hakugeuka. Baadaye alipeleka mkono nyuma, akapapasa: sikio moja refu, sikio moja fupi. Tangu siku hiyo alifungwa hivyo kila asubuhi ya maisha yake, katika chumba alichoishi peke yake, na hakugeuka hata mara moja.

Siku ileile alichukua mabaki yote ya vitambaa dukani akakata aproni, nyingi, za rangi zisizopatana hata kidogo, akazipeleka shuleni na kanisani kutafuta watu wa kujitolea wodini siku za Jumamosi. Alitaka jambo moja tu: pasiwepo tena mgonjwa anayetazama kigoda kitupu. Mwalimu mkuu alimwambia watoto wana mitihani. Mwenyekiti wa vijana wa kanisa alimwambia vijana wana kwaya. "Kwaya ije iimbe," alijibu, "lakini kwanza ioshe vyombo." Walicheka, na waliocheka ndio waliokuja. Waliokuja kupiga picha na wagonjwa aliwakabidhi ndoo na brashi ya choo, na simu zikarudi mifukoni zenyewe. Wengine waliosha shuka, wengine waliwalisha uji wasioweza kushika kijiko, wengine walikaa tu na kusikiliza habari ileile ya ng'ombe aliyepotea zamani. Mama Fundi alisema kukaa ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na kwamba ndiyo iliyomshinda yeye.

Aliwawekea utaratibu ambao mpaka leo haujabadilishwa. Watu wanafanya kazi wawili wawili. Hakuna anayejifunga aproni mwenyewe. Unampa mwenzio mgongo, anakufunga, kisha nawe unamfunga. Na ukifika kwenye kitanda ukakuta kigoda kina mtu aliyevaa aproni, unapita kimyakimya usimsonge mgonjwa. Idadi ikitokea kuwa witiri, yule aliyebaki bila mwenzake aliambiwa asimame auangalie ukuta asubiri. "Wako anakuja," alisema Mama Fundi, na kuendelea na shughuli zake. Watu walidhani atarudi yeye mwenyewe kumfunga.

Hapa ndipo anapoingia msichana wa shule ambaye wenzake walimwita Redio, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na swichi ya kuzimia. Jumamosi moja Redio alibaki peke yake, akaambiwa asubiri ukutani. Kamba zikavutwa, zikakazwa chini kabisa. "Aa, Mama Fundi, juu kidogo basi, hapo ni makalio!" alisema akicheka. Ndipo alipomwona Mama Fundi mwisho wa ukumbi, akimimina maji kwenye beseni, mikono yote miwili ikiwa kazini. Redio aligeuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Alipiga ukelele uliomwamsha hata mgonjwa aliyekuwa amekata kauli, akatoka mbio na aproni mwilini, na kabla ya jioni mtaa mzima ulikuwa umeambiwa kwamba Mama Fundi anafuga kitu.

Jaribu hilo nusura limalize kazi yote. Wazazi waliwazuia watoto wao. Matroni wa hospitali, mwanamke wa haki lakini mwenye maneno makavu, alisema hawezi kuruhusu mambo ya kichawi katikati ya wagonjwa. Kwa majuma kadhaa vigoda vilikaa vitupu, na Mama Fundi peke yake alihama kitanda hadi kitanda mpaka miguu ikavimba. Padri alimwita, akamtaka aseme ukweli wote. Akausema, kwa mara ya kwanza. Padri, ambaye sasa ni mzee na aliyenisimulia haya mwenyewe, alimwuliza kwa nini katika miaka yote hiyo hajawahi kugeuka amtazame anayemfunga. "Baba, aliniambia nisigeuke, hajamaliza," alijibu. Kisha akainamisha kichwa. "Na naogopa. Nikigeuka nikakuta si yeye, nitaishije? Na nikikuta ni yeye, halafu ananitazama kwa hasira, je?" Padri akamwendea matroni na kumwambia kwamba katika vitabu vyote alivyosoma, shetani hajawahi kumsaidia mtu kuvaa aproni akaoshe vyoo. Matroni alicheka bila kutaka. Mlango ukafunguliwa tena.

Lakini wanafunzi hawakurudi kwa sababu ya maneno ya padri. Walirudi kwa sababu ya Redio. Aliagizwa na mama yake airudishe ile aproni, na alipokuwa akipita haraka wodi ya wanaume ili asikutane na mtu, aliitwa na mzee mmoja kipofu, zamani dereva wa malori, ambaye Redio alizoea kumlisha uji kabla ya ukelele ule. Mzee alizitambua hatua zake. "Mjukuu wangu, umepotea! Lakini nakushukuru kwa kuniachia yule mdogo wako. Kila siku yuko hapa. Hasemi, ananishika mkono tu. Ana vidole baridi, mpatie sweta." Redio hakuwa na mdogo. Akatazama kigoda: kilikuwa kimesogezwa karibu sana na kitanda, karibu kuliko mtu mzima anavyoweza kukaa bila kuumiza magoti. Aliogopa, hafichi. Ila alisimama pale, akaona aibu kwamba mzee hakukaa mpweke siku zote hizo, na aliyemfanya asiwe mpweke hakuwa yeye. Jumamosi iliyofuata alikuja na darasa lake zima, na mdomo uleule uliobomoa ukajenga.

Miaka ilipita, naye Mama Fundi akazeeka huku akizisikia kamba nyuma yake kila asubuhi. Ilipofika siku za kabla ya Majilio, alipatwa na kiharusi kilichomwacha amelala chali, hana nguvu hata ya kugeuza shingo. Alilazwa katika wodi ileile ya zamani, iliyokuwa sasa ya kinamama, kando ya dirisha lilelile. Aproni yake ilitundikwa kwenye msumari ukutani. Vijana wa kanisa na wanafunzi waligawana zamu ili asibaki peke yake hata dakika moja, maana wote walijua kisa cha shuka na upindo. Redio, ambaye alikuwa amekua na kuwa mwalimu, aliongoza zamu za shule. Mama Fundi, kwa ulimi mzito, alimwomba jambo moja tu: "Msiniache nitazame kigoda kitupu."

Jumamosi hiyo wanafunzi walimaliza zamu yao mchana. Redio alitangulia kwenye ngazi kuwatazama vijana wa kanisa, na mwanafunzi wa mwisho alipogeuka mlangoni aliona tayari kuna mtu kwenye kigoda, amevaa aproni, amewapa mgongo. Akajua wenzao wamefika. Wakashuka. Vijana wa kanisa walipopanda kwa ngazi ya upande wa pili, walichungulia kioo cha mlango wakaona mtu kwenye kigoda, amevaa aproni, amewapa mgongo. Wakajua wanafunzi hawajaondoka, na kwa utaratibu wa Mama Fundi mwenyewe wakapita kimyakimya, wakashuka kusubiri. Makundi mawili yakakutana uani, penye kamba za kuanikia shuka.

"Nani yuko na mama?" aliuliza Redio.

"Si nyinyi?" mwenyekiti wa vijana alijibu. "Tumewaona."

"Sisi tumewaona nyinyi."

Walipanda ngazi mbio, matroni mstaafu aliyekuwa amekuja kumwona akiwafuata na kiatu kimoja. Kigoda kilikuwa kitupu, kimesogezwa karibu sana na kitanda. Mama Fundi alikuwa amekwisha kukata roho. Lakini yeye asiyeweza kugeuza shingo alikuwa amelala ubavu, amegeukia kigoda, mkono mmoja umenyooshwa kiganja kikiwa wazi, na uso wake ulikuwa umejaa kicheko, kama wa mtu aliyetaniwa sasa hivi. Aproni haikuwa ukutani. Alikuwa ameivaa, na fundo mgongoni lilikuwa chini mno. Watu walilia, na wengine hawakuthubutu kuvuka kizingiti. Redio ndiye aliyeinama na kupapasa lile fundo, akitarajia lile la siku zote. Masikio yote mawili yalikuwa sawasawa, yamepangwa vizuri, kazi ya mtu aliyejifunza kwa miaka mingi. Padri alipoelezwa, alikaa kitandani na kufunika uso. "Amemaliza," alisema. "Ndiyo maana ameruhusiwa kugeuka."

Kanisa bado halijasema neno lake juu ya Mama Fundi, nami sitalitangulia. Ninachojua ni kwamba kazi yake inaendelea. Shule na vikundi vya kanisa vinapokezana Jumamosi, aproni bado ni za mabaki ya vitambaa, na bado hazipatani. Nawaomba wazazi waache kuwaambia watoto kwamba kujitolea ni kupoteza muda, na vijana waache kuniuliza kama kuna cheti. Nendeni mkakae kwenye vigoda, maana mtu anayewasubiri anatazama mlango. Na mwaka huu habari zimenifikia tena, kutoka kwa watu wasiojuana: mtu amebaki bila mwenzake, ameambiwa auangalie ukuta, na kamba zimevutwa nyuma yake. Safari hii, wanasema, mikono ni miwili chini na miwili juu, na kuna sauti mbili zinazocheka polepole. Ikikutokea, mpendwa, sema asante, uende kazini. Usigeuke. Wewe bado hujamalizwa.