Mjapani Anayeuinamia Uwanja

Kila asubuhi, kabla hajakanyaga nyasi, Mjapani, mchezaji mkongwe wa timu, husimama mstarini, huvua kofia na kuuinamia uwanja kama mtu anayeingia ukweni. Vuai, Mzanzibari anayetunza vifaa vya timu, hajawahi kuachiwa viatu vya mzee huyo avisafishe. Mwenyewe huvisugua kwa mswaki, taratibu, kila mshono. Jumamosi mashabiki walimzomea: "Babu, rudi kwenu!" Vuai alifura, maana hata yeye ameshatupiwa maneno hayo pale Malvern, mtaani anakoishi huku ugenini. Baada ya mechi kocha akamfukuza Mjapani, akakataza asipewe hata mpira.

Jumatatu huyo, wa kwanza kufika, ameinama palepale.

"Eish, kaka, si umefukuzwa?" Vuai akamwuliza.

"Timu imenifukuza," akajibu, akikaza kamba za viatu. "Uwanja haujanifukuza."

Vuai akaumwaga mfuko mzima wa mipira miguuni pake.