Nyota Inayomnyonya Mwenzake

Mnisamehe mwandiko, na popote nilipokosea herufi. Niliishia darasa la saba, na huandika polepole.

Wafanyabiashara waliporuhusiwa kuja kununua korosho wenyewe, baba mdogo alifungua mashine ya kusaga hapa Mkunya, akaezeka bati. Baba yangu, kaka yake wa tumbo moja, mikorosho yake ilishikwa na ubwiri, ule ugonjwa wa unga mweupe, na mwenyewe akakonda. Nyumba zao zinatazamana.

Wakati huo nilikuwa nikimchotea maji mwalimu mmoja wa sayansi huko Chidya. Aliniambia kuna nyota mbili zinazokaa karibu sana, na moja humnyonya mwenzake hewa yake ya moto. Hewa ile haimwangukii mnyonyaji moja kwa moja. Huzunguka, hujikusanya wiki nyingi, kisha huporomoka kwa mkupuo. Hapo nyota iliyokuwa hafifu huwaka ghafla, halafu hufifia tena.

Niliporudi nyumbani nilisimulia tukiwa tunakula. Mimi si msemaji. Nikasema, "Nyota moja inamnyonya mwenzake. Wako karibu, ndiyo maana."

Nilisema "wako". Nilipaswa kusema "ziko".

Baba akaacha kutafuna. Kwetu, ukisikia nyota ya mtu imechukuliwa, hazizungumzwi habari za mbinguni, ni za uchawi.

"Mwalimu ndiye kasema?"

"Ndiyo, baba."

"Na huyo anayenyonywa, anajua?"

Sikujua, nikanyamaza. Akauchukua ukimya wangu kuwa jibu.

Kesho yake baba mdogo alileta unga, kama kawaida yake. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba," baba akaitikia bila kumtazama. Unga ule akawamwagia kuku.

Baba mdogo akacheka. "Kuku wako watanenepa kuliko wewe, kaka."

Baba akanitazama mimi, kama shahidi wake.

Nilimpeleka baba mashineni nimwonyeshe. Makopa ya muhogo yenye unyevu hukwama mdomoni mwa mashine, hujaa, kisha hushuka yote pamoja. "Ni hivi tu, baba. Hakuna uchawi."

Alitazama muda mrefu. "Sawa. Lakini mwenye mashine ni nani?"

Mwalimu amehamishwa. Ndugu hawa hawali tena pamoja, na mimi mwenyewe, baba mdogo akinipa kitu, hukikagua kwanza. Msomaji unayejua, tafadhali niandikie: ile nyota inayonyonywa, mwishowe huisha? Andika kwa herufi kubwa, nimsomee baba.