Turubai la Kuni na Jina la Baba Mkwe

Nilipoolewa Kigali mwaka tisini na moja, nikitokea Kigoma, nilikatazwa kusema mvua. Sitanii. Baba mkwe wangu alizaliwa siku ya mvua kubwa, wakampa jina lenye neno hilo ndani yake, imvura kwa Kinyarwanda, na kwa desturi yao mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe wala neno linalofanana nalo. Mama mkwe alinieleza hayo siku chache tu baada ya harusi, tukichambua maharage. Nikamwambia mimi nasema mvua, sisemi imvura. Akaninyooshea kidole. "Iko kitu moja. Usiseme."

"Sasa ikinyesha niseme nini, mama?"

"Maji ya juu."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nyumba yetu ilikuwa kilimani Gisozi, mahali ambapo maji ya juu hayapigi hodi. Kwetu Kigoma pia mkwe anaheshimiwa sana, lakini hakuna aliyewahi kutuharamishia hali ya hewa. Nilinung'unika wiki nzima, kimoyomoyo.

Mzee mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa mpole. Alikufa kitandani mwake mwaka tisini na tatu, na waliokuwa Kigali wanajua kwa nini naitaja hiyo kama neema. Alikuwa na kifua kibovu. Ujana wake wote aliumalizia kwenye matanuri ya matofali, na uzeeni moshi kidogo tu ulitosha kumkalisha ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, akiitafuta pumzi. Nilimsikia hivyo mara ya kwanza jioni niliyopikia kuni zilizolowa. Kila pumzi yake ilinifikia jikoni, nikalia pale pale mbele ya mafiga. Mganga wa zahanati alituambia waziwazi kwamba moshi mwingine kama ule anaweza asiuvuke. Mkaa ulikuwa haupatikani kirahisi tangu vita ianze kule kaskazini. Tulipikia kuni, na mpishi nilikuwa mimi.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la masafa, hayupo nyumbani wiki tatu kati ya nne. Kabla hajaondoka alituachia turubai kuukuu la lori. Nilifurahi kupita kiasi. Lundo letu la kuni za mkaratusi lilikaa nje, pembeni mwa jiko, na siku zote lilifunikwa kwa majani ya migomba na kipande cha bati. Nikalivika turubai lote, mbele, nyuma, ubavuni, mpaka chini, nikakandamiza kingo kwa matofali. Tone lisingeingia.

Asubuhi nikakuta pembeni kote kumefunuliwa, turubai limekunjwa likabaki juu tu. Nikafunga tena. Kesho yake, vile vile. Nilijua ni mzee, maana nilimsikia akikohoa nje alfajiri. Basi huyu hanitaki, nikajisemea. Haniambii neno, anafumua kazi yangu tu, na kazi yenyewe ni kwa ajili ya kifua chake! Siku ya nne nikalizungushia kamba, nikakaza kwa mafundo niliyofundishwa na mume wangu, mafundo ya kufungia mzigo wa tani. Akashindwa kuyafungua.

Wiki mbili baadaye, kuni za jikoni zilipokwisha, nilifungua mwenyewe kutoa nyingine. Harufu ya uvundo ikanipiga. Upande wa ndani wa turubai ulikuwa unadondosha maji, na magome yalikuwa yameota ukungu mweupe. Tone halikuingia kweli, ila unyevu wote uliokuwa ndani ya kuni ulikosa pa kutokea. Nikasimama pale nikiwa sina hata wa kumgombeza.

Mzee akaja polepole kutoka kwenye benchi lake. Hakunitazama usoni, kama desturi ilivyotaka. Akaziambia kuni, akiniita mukazana, yaani mke wa mwanawe, kwa Kiswahili chake cha matanurini: "Mukazana, kuni nayo iko napumua. Funika kichwa tu. Mbavu uache." Akajipiga mbavu zake mwenyewe kwa kiganja, nikaelewa.

Tulizipanga upya siku ile, juu ya mawe ili zisiguse ardhi, yeye amekaa akinielekeza kwa fimbo, mimi nikibeba. Mama mkwe alipita, akatuangalia, akaguna, akaendelea na shughuli zake. Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yetu sisi wawili. Jua likitoka tunaondoa turubai zipate hewa, mawingu yakijikusanya tunarudisha. Nilianza kuzisubiri asubuhi zile.

Siku moja mwezi wa kumi, mama mkwe alikuwa sokoni na mimi bondeni kwenye chemchemi. Kuni zilikuwa wazi. Nikainua macho nikaiona ikivuka kilima cha ng'ambo, nyeupe, inakuja mbio. Mzee, nilimwona kutoka kule chini, alikuwa amesinzia kwenye benchi.

"Baba!" nikaita. Kilima kile kilikuwa na akina baba wasio na idadi, na watoto wanaowaita kutwa nzima. Hakutikisika. "Maji ya juuu!" Hata mimi mwenyewe nilijiona mjinga. Nikafikiria ile jioni ya pumzi, na neno likanitoka lenyewe, kwa sauti yangu yote:

"Mvuaaa! Mvuaaa!"

Alisimama wima. Wala hakutazama angani. Alinitazama mimi, kule bondeni, akaitika: "Karame!"

Ndivyo kwao anavyoitika mtoto mwenye adabu akiitwa na mama yake. Hata mimi mgeni nililijua hilo. Kisha nadhani akashtuka, akaona mawingu, akalivuta turubai.

Nilifika juu nimelowa chapachapa. Kuni zilikuwa zimefunikwa kichwa, mbavu ziko wazi, kavu. Nikapiga magoti kwenye tope nikaanza kuomba radhi, na yeye alikuwa anahema huku anacheka.

"Siku mingi hakuna mutu iko naniita," akasema.

Nilipokuwa nabadili nguo ndipo nililitafakari neno lile. Mkewe alimwita baba wa fulani. Wanawe walimwita baba. Sisi wake za wanawe tulikatazwa. Kaka zake walikuwa wameshazikwa, na kilabuni kwa wenzake hakushuka tena kwa sababu ya kifua. Ukoo ulijaa watu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ruhusa ya kumwita jina lake. Nilimwonea huruma.

Jioni, mama mkwe akiwa uani, mzee aliniambia kwa sauti ya chini, akimwonyesha mkewe kwa kidevu: "Siku ingine ukiiona, uniite. Mukecuru asisikie tu."

Ikafika masika. Nilikuwa tena bondeni, kuni ziko wazi, nikaiona inakuja. Nilifungua kinywa na neno halikutoka. Mwanzo nilinyamaza kwa kumwogopa mama mkwe. Sasa nilikuwa na ruhusa, na nilimpenda na kumheshimu yule mzee kiasi kwamba kulipigia kelele jina lake mbele ya kilima kizima kulinishinda. Nikajitwika ndoo, nikapanda mbio, maji yakinimwagikia mgongoni.

Nikamkuta amesimama kando ya lundo. Pembe ya turubai ilikuwa mkononi mwake. Mvua ilikuwa inamnyeshea kofia, mabega, na safu yote ya juu ya kuni, zile ambazo zingemtolea moshi siku mbili nzima. Alikuwa ameiona kabla yangu. Macho yake yalikuwa bondeni.

"Baba, mbona hujafunika?"

"Niko nangoja uniite."

Nikatua ndoo, nikaishika pembe ya pili. Nikamwita pale pale, karibu naye, kwa sauti ya kawaida, jina lake lote.