Kadi Niliyoishona Ndani ya Gauni la Yaya Zaina

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msihangaike kumtafuta mkosaji kadiri mnavyosoma. Shetani hakunishawishi, marafiki hawakuniponza, na pombe sinywi. Nililitenda kwa akili timamu, miwani machoni, sindano mkononi. Jina langu sitoi: watu wa hapa Walikale wanalijua tayari, na nyinyi wa mbali halitawafaa kitu.

Mimi ni mtaalamu wa Makka. Chekeni tu. Nimezaliwa huku, nimekulia huku, na safari yangu ndefu kuliko zote ilinifikisha Goma. Lakini Makka naijua! Shule niliiachia njiani, ila kusoma sikuacha. Kila kijitabu cha hija kilichofika huku, chenye jalada au kilicholiwa na panya, nimekisoma. Video za hija nimezitazama kuliko vijana wanavyotazama mpira. Naweza kuwaambia kila mlango wa Msikiti Mtukufu uko upande gani. Mlango wa nyumba ya shangazi yangu Bukavu ndio nisiouweza.

Kazi yangu ni kushona. Baba yetu alikuja na Uislamu wake kutoka Maniema, akaniachia huo pamoja na cherehani. Wateja wangu wazuri si maharusi. Ni vijana wanaotoka machimboni Omate, wanaotaka suruali yenye mahali ambapo mkono wa mtu wa bariyeri haufiki. Bariyeri, kwa msiozijua, ni kamba au mti uliolazwa barabarani, na nyuma yake yuko mtu mwenye bunduki, mpenzi mkubwa wa kusoma karatasi zako na kusahau kukurudishia. Mimi naushona mfuko wa siri ndani ya pindo, uzi wa rangi ileile, mara mbili, bapa kama vile hakuna kitu. Hakuna bariyeri iliyowahi kuupata. Sentensi hiyo nilikuwa naisema kwa majivuno.

Basi, kila mtu wetu aliyejaliwa safari ya hija aliletwa kwangu. Imamu alifundisha dua. Mimi nilifundisha kile nilichokiita mambo ya vitendo. Nyuma ya msikiti nilipanga katoni za sabuni, nikazifunika kitambaa cheusi, ikawa Kaaba. Kilima cha Safa kilikuwa mti wa avoka, na kile cha Marwa choo cha imamu. Mahujaji wangu walizunguka katoni, kisha wakaenda na kurudi kati ya avoka na choo, kuku wakiwapisha. Jirani yetu Papa Bahati, Mkristo anayeleta viazi kutoka upande wa Nyamitaba, alikuwa anakuja kuegemea ua na kutazama. Hakuwahi kukosa somo.

"Fundi," aliniambia siku moja mbele ya wote, "weye uko kama kile kibao cha kwenye barabara. Kinaonesha watu njia ya Kisangani, na chenyewe hakijafikaka Kisangani."

Watu walicheka mpaka wakashika magoti. Mimi nilimsamehe, kwa ule upole wa mwanachuoni anayemvumilia mjinga. Kibao! Hata kibao kimesimikwa na mtu aliyeijua njia.

Kisha zamu ikamfikia dada yangu. Nitamwita Yaya Zaina, ingawa jina si lake; yaya kwetu ni mkubwa wako. Ni mjane mwenye magoti mabovu. Alipanda na kushuka barabara ya Masisi na magunia yake ya maharagwe mpaka watoto wake wakawa watu, na watoto hao ndio waliompeleka Makka. Hamu yake ilikuwa moja: kusimama Arafa. Alisema kwamba siku ile mtu hana magunia, hana bariyeri, hana wa kumjibu. Amesimama tu na Mola wake mpaka jua lizame.

Kwa wasio Waislamu nieleze kidogo. Arafa ni uwanda ulio nje ya Makka, na kuna siku moja ya kusimama hapo. Mengi ya hija ukiyakosea yana fidia. Arafa ikikupita, hija imekupita.

Yaya nilimfundisha kuliko wote, kwa kuwa nilimpenda kuliko wote. Nilimpa kanuni ambazo hazimo katika kijitabu chochote; nilizitoa kichwani mwangu mwenyewe, hapo ndipo nilipojiona nimeivuka elimu ya vitabu. Ukipotezana na wenzako usisimame, nenda mbele, utawakuta mbele. Mwenye sare mpitie mbali, wala usimtazame machoni. Karatasi yako isionekane na mtu.

Niambieni, ni ipi mbaya hapo? Kati ya Walikale na Masisi hakuna hata moja! Barabara ni ileile, msitu huku na msitu kule. Aliyekutangulia atakuwa wapi kama si mbele? Na anayesimama peke yake ndiye anayepatwa. Watu wamezeeka salama kwa kanuni hizo. Nilichosahau ni jambo dogo tu: Makka haiko kati ya Walikale na Masisi.

Nilimsindikiza hadi Goma, ndiyo hiyo safari yangu kuu. Huko wakuu wa msafara walimpa kila mmoja kadi yenye picha, jina, kambi na simu ya kiongozi. Niliitazama ile kadi kama fundi anavyotazama kitambaa kizuri kilichowekwa juani.

"Iko na kamba yake," Yaya akasema. "Wenzangu wote wameivaa kwa shingo."

"Wenzako hawana fundi," nikamjibu.

Nikaishona ndani ya pindo la gauni lake la safari, uzi wa rangi ileile, mara mbili. Nikamwagiza kwamba bangili yoyote watakayomfunga mkononi huko aivue, aiache begini. Pasi yake ya kusafiria alikuwa nayo kiongozi. Dada yangu akaondoka msafi kabisa: popote utakapomshika, hana kitu cha kumtambulisha. Nilirudi Walikale nimejaa raha.

Yaliyotokea alinisimulia mara moja tu. Walikuwa Mina, kwenye mahema ya mahujaji yanayofanana kama punje za mchele, asubuhi ya kwenda Arafa. Alikwenda msalani. Foleni ilikuwa ndefu, na alipotoka hakumwona hata mmoja wa kwao. Wenzake, kumbe, walikuwa wamekwenda kumsubiri upande wa pili wa msala uleule. Angesimama pale alipo wangemwona. Lakini alikuwa amefundishwa. Akaenda mbele.

Mbele kule, wapendwa, ni kila upande. Aliwafuata wengi, wengi wakagawanyika, akawafuata waliobaki, nao wakaingia mahemani mwao. Jua likapanda. Kijana mwenye sare alimjia na chupa ya maji, akimsemesha na kumwonyesha kivuli. Yaya akainamisha uso, akakata kona. Akatokea mwingine, naye akamkwepa. Aliniambia kwamba aliwakwepa vizuri, kwa ule ujuzi wake wa barabara ya Masisi, na magoti yake yaleyale. Wale vijana waliwekwa pale kwa ajili ya waliopotea. Kila mmoja aliyetumwa kumwokoa, yeye alimkimbia, kwa utiifu.

Akaanguka.

Hospitalini walimtafuta shingoni, wakamtafuta mkononi. Wangemtambua, wangemchukua hata kwa gari la wagonjwa wakampitisha Arafa. Nimesikia wapo waliofanyiwa hivyo. Lakini huyu alikuwa mama asiye na jina wala nchi, mwenye homa kali, anayezungumza maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa. Gauni lake lilivuliwa, likakunjwa, likawekwa chini ya kitanda. Fundi wa Walikale alikuwa ameishinda bariyeri ya mwisho.

Alipozinduka, kwenye kitanda cha jirani alilala mwanamke wa Tanzania. Yaya akasikia anaomba maji kwa Kiswahili.

"Mama," akamuuliza, "tunaenda Arafa saa ngapi?"

Yule mama alimtazama kwanza. Kisha akamjibu: "Arafa ilikuwa jana, dada yangu. Leo ni Idi."

Baadaye muuguzi, akilikunjua gauni ili amvalishe, alihisi kitu kigumu ndani ya pindo. Kiongozi wa msafara akapigiwa simu. Alifika mbio, macho mekundu. Alikuwa amemtafuta usiku kucha.

Mnadhani hilo ndilo kosa langu. La. Hilo lilikuwa ujinga, na ujinga una dawa. Ngojeni.

Siku aliporudi tulimpokea kwa kasida na matarumbeta ya kuazima. Hajati! Hajati! Yaya alishuka kwenye gari, akainua mkono, na kabla hajasalimia mtu akasema wasimwite hivyo, kwa sababu Arafa hakusimama. Angenyamaza, nani angejua? Matarumbeta yakaisha moja moja, kama watu wanaoondoka msibani.

Basi mji ukapata cha kuzungumza. Wengine walisema ni uzee, wengine walisema alijisahau kwenye maduka ya dhahabu. Sokoni wanawake wakambatiza Nusu-Hajati, na jina likashika. "Nusu-Hajati, maharage yako nayo ni nusu kilo?" Yeye alikuwa anapima tu na kuwafungia.

Wazee wakaja kwangu kuuliza. Mtaalamu, imekuwaje? Ukweli ulikuwa mfupi, ungetoshea kwenye pumzi moja. Nilichagua uongo. Nilisema, "Mimi nilimfundisha yote. Lakini munajua mutu akizeeka: unamwambia hivi, anafanya vile."

Yaya alikuwa nyuma ya pazia, anatengeneza chai. Pazia langu nimelishona mwenyewe, najua lilivyo jepesi. Alitoka na sinia, akawapa wageni, akanipa na mimi. Aliweka sukari kama ninavyoipenda.

Hilo ndilo kosa langu. Na sukari ile ndiyo inayonichoma mpaka leo, ningeona afadhali angenimwagia chai yenyewe.

Nilikimbilia vitabuni, kama kawaida yangu ninapotafuta mahali pa kujificha. Magoti ya Yaya hayawezi safari nyingine. Nikakuta imeandikwa kwamba asiyejiweza anaweza kuhijiwa na mtu mwingine. Nikafurahi! Nitakwenda mimi, nitasimama Arafa kwa jina lake, nitalipa. Nikafungua ukurasa unaofuata: anayemhijia mwenzake sharti awe ameshahiji kwanza kwa ajili yake mwenyewe. Nikafunga kitabu. Papa Bahati alikuwa amenifundisha sheria hiyo zamani, akiwa ameegemea ua.

Mwaka huu wakapata safari mtu na mke wake. Nikapanga tena katoni. Na somo langu lilikuwa safi, mngelisikia! Kadi ivaeni shingoni, nje ya nguo. Mkipotezana simameni palepale, kila mtu amsubiri mwenzake. Mwenye sare mfuateni nyinyi. Nililisema kama mtu aliyelifundisha tangu dunia iumbwe, bila kikohozi.

Yaya alikuwa amemsindikiza yule mke, amekaa kwenye kigoda chini ya Safa yetu, akimenya avoka.

"Mudogo wangu," akasema bila kuinua sauti, "hiyo ya kuvaa kadi kwa shingo, ndiyo ulinifundishaka na mimi?"

Hata kuku walisimama. Papa Bahati uani hakucheka. Mlango wa uongo ulikuwa wazi, na ningeweza kupita kama nilivyopita mara ya kwanza.

"Hapana," nikasema. "Kadi yako niliishona mimi. Kukimbia wenye sare nilikufundisha mimi. Kwenda mbele ni mimi. Wewe ulifanya yote niliyokuambia, na mimi nikawaambia watu haukusikia."

Nilingojea anilaani. Alifuta kisu kwenye kanga yake.

"Ulishona muzuri," akasema. "Walikata na makasi."

Kisha akainuka, akiyabembeleza magoti, akawashika mkono yule mtu na mke wake, akaanza kuwazungusha kwenye katoni. Aliwaambia maji wanywe kabla kiu haijawajia. Aliwaambia wapige picha ya namba ya hema lao na ya kitu kikubwa kilicho karibu nalo, na wakubaliane mahali pa kukutana kila wanapotoka, hata wakienda msalani. Aliwaambia simu isiachwe hemani. Mambo ambayo mimi, pamoja na maktaba yangu, sikuwahi kuyataja. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayefundisha. Mimi nafukuza kuku.

Hajati bado hataki kuitwa. Sokoni lile jina la nusu limepungua, ila halijafa. Jina baya hufa polepole. Wazee hawaniulizi tena kitu chochote, hata mwezi umeandama lini. Wiki iliyopita Yaya aliniletea lile gauni nilizibe pindo lililokatwa. Nimeliziba. Alipokuja kulichukua alilipapasa pembeni mwote, kidole kwa kidole, kama mtu wa bariyeri, halafu akalikunja akaondoka.

Nyinyi mnaokwenda mji mtukufu, mkimkuta mtaalamu kama mimi, muulizeni kabla hajafungua kinywa kama amefika. Akianza kutaja vitabu, muagane kwa adabu, mkatafute aliyerudi, hata kama alirudi akilia. Na wewe uliye mtaalamu wa barabara yako moja, kabla hujamtuma mama wa watu aende mbele, weka sindano chini, uulize kwanza kule aendako njia ni ngapi.