Hesabu ya Sahani Moja

Kazi yangu kule Kakuma ni kuwafundisha watu kula, kwenye kambi ya wakimbizi ambako mgao wa chakula hupunguzwa kila mara tunapoanza kuzoea ule uliopunguzwa. Asubuhi nasimama kwenye kliniki ya lishe mbele ya akina mama wa Sudan Kusini, nikiwa na picha ya sahani iliyogawanywa kwa rangi, na kuwaeleza kwamba mwili unahitaji kiasi fulani cha nguvu kila siku ili uzito usipande wala usishuke. Wananisikiliza kwa adabu. Mmoja aliwahi kuniuliza kama ile picha inaliwa, tukacheka sote, kisha nikaendelea na somo.

Mama yangu alipougua, nilijiambia kwamba walau kwake elimu hii itafaa kitu.

Mama anaishi Lodwar, upande wa Nawoitorong, alikohamia kutoka Lorugum baada ya ukame kumaliza mbuzi wake. Anasuka vikapu vya makuti ya mti wa mkoma pamoja na mdogo wake, mama yangu mdogo, na nyumba zao zinatazamana. Hospitalini walimkuta na uvimbe tumboni. Daktari aliniita kando akanieleza bila kuzunguka: uvimbe lazima utolewe, lakini hawezi kumpasua mtu anayeendelea kukonda. Mama akirudi kliniki ijayo na uzito uleule, atampasua. Akipungua zaidi, hatathubutu.

"Sikwambii umnenepeshe," alisema. "Mshikilie papo hapo alipo."

Nilikaa kwenye benchi la nje nikapiga hesabu kwa simu. Unahitaji uzito, urefu na umri, kisha jawabu unalizidisha kulingana na kazi anayofanya mtu. Urefu nilikuwa nao. Umri ndio ulionipa taabu. Kitambulisho cha mama kinasema alizaliwa Januari mosi, kama vile vitambulisho vya nusu ya Turkana vinavyosema, na mwaka wenyewe aliukisia chifu kwa kumwangalia uso. Nikamwuliza mama. Akasema alizaliwa mwaka ule ngamia walipokufa ovyo, akashangaa kwamba jibu hilo halinitoshi. Nikachukua mwaka wa chifu.

Uzito nao ulikuwa na mambo yake. Mwanamke wa Kiturkana wa rika la mama haonekani bila shanga. Zimepangana shingoni kutoka mabegani mpaka chini ya kidevu, na kuzivua ni alama ya msiba. Mama alizivua baba alipofariki, akazivaa tena matanga yalipokwisha. Kwa hiyo ukimwambia mwanamke avue shanga ndipo apande mizani, umemwambia aanze kulia. Sisi wa kliniki tuna desturi yetu: tunampima mtu na shanga zake, kisha tunatoa kilo kadhaa kwa kukadiria kwa macho. Nikatoa. Ikabaki arobaini na nane, na simu ikaniletea jawabu: kalori elfu moja na mia sita hivi kwa siku, kwa mwanamke anayeshinda ameketi akisuka. Hazikuwa nyingi, na nilifurahi sana kuona kwamba hazikuwa nyingi.

Nikaigeuza namba kuwa chakula. Unga wa mahindi ya Katilu, maharagwe, mafuta, maziwa ya unga, na sukari, kwa maana chai isiyo na sukari mama huiita maji ya kunawia. Nilifunga kila siku katika mfuko wake nikaipanga mifuko kwenye sanduku la bati. Mizani ndogo ya kukanyaga niliinunua kambini kwa mfanyabiashara wa Sudan Kusini.

"Sista, hii ya nini? Unapima mbuzi?"

"Nampima mama."

"Mama anapimwa? Mama si ni mama tu?" Akaifuta vumbi akanipa.

Niliporudi Lodwar mara ya kwanza, tuliweka mizani juu ya ubao kwa sababu uwanja wa mama ni mchanga mtupu. Mama akapanda. Alikuwa amepungua, tena si kidogo. Nikakagua sanduku: mifuko yote ilikuwa imetumika jinsi nilivyoagiza. Sikuelewa mpaka saa ya chakula ilipofika. Mama alifunua chungu, na kabla mvuke haujatulia watoto wa majirani wakawa wamesimama kando ya ua. Hawakuomba. Walisalimu tu, "Ejok, ata," na ata ni nyanya, na hapo mambo yakawa yamekwisha. Kwetu mtu hali huku mwenzake anamtazama. Mama akapakua, akapakua, akapeleka na sahani kwa mzee jirani wa ng'ambo ya njia, na mwisho akakwangua ukoko akauita chakula chake. Kisha akatia tumbaku mdomoni kuidanganya njaa.

Nilikasirika.

"Mama, hiki ni chako. Nimekipima."

"Nimeona umekipima."

"Ni dawa hii. Dawa haigawiwi."

"Dawa gani inapikwa ikanukia mpaka kwa jirani?"

"Basi ingia ndani, ufunge mlango."

"Nile nimejifungia? Mimi ni fisi?"

Nikajaribu ujanja. Nikaongeza mifuko: wa mama, na mwingine wa watoto, na mwingine wa mzee. Lakini boma lenye chakula halijifichi Lodwar. Waliokuwa wakija wakaja na wenzao, na mama akazidi kung'aa uso kwa furaha ya kulisha watu huku mabega yakizidi kuchongoka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema waungwana. Mwenyeji wangu hakuwa akipona. Na wala sikuweza kusema ni ukaidi wa mama peke yake, kwa sababu kambini nimeona mara nyingi pakiti ya lishe ya mtoto mmoja mgonjwa ikilambwa na ndugu zake wote. Hesabu yetu ina nafasi ya urefu na nafasi ya umri. Nafasi ya ndugu haina.

Safari iliyofuata nilimwambia wazi. Nilimwambia akipungua tena hakuna upasuaji, na pasipo upasuaji nitamzika, na watoto nitawafukuza mwenyewe kwa fimbo. Aliendelea kusuka. Halafu akauliza, "Uzito ukikaa, utawaacha watoto?"

"Ukikaa, sitasema neno."

Na kweli uzito ukakaa. Niliporudi, mshale ulisimama karibu kabisa na pale daktari alipotaka, na niliporudi tena ulisimama palepale. Siwezi kueleza furaha ile. Nilimkumbatia, akajisogeza nyuma haraka akisema tumbo linamwuma. Uso wake ulikuwa umezidi kuwa mdogo, lakini ugonjwa una sura yake, nikasema, na namba haina sababu ya kunidanganya. Mama mdogo naye siku hizo alikuwa amejifunga leso shingoni hadi masikioni, katika lile joto la Lodwar. Alisema ana kikohozi, nami nikamletea dawa ya kikohozi.

Siku ya kliniki nesi alikuwa mama wa makamo, Mturkana mwenzetu, mwenye haraka.

"Mama, toa shuka, vaa hii nguo ya hospitali, tupime mara moja."

Mama hakusogea. Nesi akamsaidia kufungua shuka, akasimama. Kiunoni, juu ya ngozi, mama alikuwa amejizungushia shanga mzunguko juu ya mzunguko, nzito, zimembana mpaka zimeacha alama. Nilizijua rangi zake. Zilikuwa shanga za shingo ya mama mdogo. Ndipo nilipoielewa ile leso: shingo iliyokuwa tupu ilikuwa imefichwa, majirani wasije kuuliza kuna msiba gani.

Mama alinitazama mimi, si nesi.

"Ulisema ukikaa hutasema neno," alisema.

Na sikusema neno. 

Nesi alizifungua shanga zile taratibu, haraka yake yote imeisha. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sasa mama, toa hata za shingo. Daktari anataka uzito wa kweli, si wa kukadiria." Mama aliinua mikono akaanza mwenyewe, uzi baada ya uzi, akizipanga kwenye kikapu chake. Ngozi iliyokuwa chini yake sikuwa nimeiona tangu msiba wa baba. Ilikuwa laini kama ya mtoto, na shingo ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoweza kuvumilia. Akapanda mizani. Nesi aliandika namba bila kuitaja.

Daktari hakutugombeza. Alimpa dawa ya maumivu, akasema tutaangalia hali, tule vizuri, turudi akiongeza nguvu. Hakutaja lini. Nimefanya kazi kliniki muda wa kutosha kujua maana ya daktari kutotaja lini.

Tulirudi kwa bodaboda, mama katikati, kikapu mapajani. Nilitaka kumvalisha shanga zake kabla hatujaondoka, akasema amechoka, tutavaa nyumbani. Lakini habari ya shingo tupu ilituacha barabarani ikafika kabla yetu. Tulikuwa hatujaketi sawasawa wanawake wa jirani wakaanza kuingia, mmoja ameshaanza kulia kwa sauti, wengine wamejishika vichwa, na watoto nyuma yao. Mama mdogo alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi. Alikuwa ametupikia, mfuko mmoja wa siku moja.

"Nani amekufa?" waliuliza. "Tuambieni, ni nani?"

Mama alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha mchangani. Aliwatazama mmoja mmoja kana kwamba anawahesabu.

"Bado," alisema. "Kaeni mle kwanza."

Wakakaa. Mama mdogo akanipa mwiko. Watu walikuwa wengi, chungu kilikuwa cha mtu mmoja, na mama alikuwa ananitazama aone nani nitamnyima.