Alama Nyekundu Ukutani

Juzi nilipita Chanika, nikaona nyumba imepigwa X nyekundu. Harufu ya ile rangi mbichi ikanirudisha kwetu Mwananyamala, mchana ule mama akikaanga dagaa uani, na mzee mmoja mwenye brashi akichora X kama hiyo kwenye ukuta wetu wa mbele.

Nilidhani X ya ukutani ni kama ya mwalimu daftarini, kwamba nyumba yetu imekosea mahali. Mama hakuinua macho kwenye kikaango. "Itavunjwa," alisema. "Sie wanyonge, tutamwambia nani?"

"Mnyonge ndo nani, mama?"

"Mtu ambaye akisema, hakuna anayemsikia."

Basi nikaona tatizo ni sauti tu. Nilitoka mbio hadi kwa yule mzee mwenye brashi, nikampa shikamoo, kisha nikapaza sauti yangu yote: "Nyumba yetu haijakosea!"

Alinigeukia, rangi ikimdondokea kwenye kandambili. "Marahaba. Nimekusikia, mwanangu," alisema kwa upole, halafu akachovya brashi na kuhamia kwa jirani.

Nilirudi nikirukaruka. "Mama, sie sio wanyonge! Kanisikia!"

Mama alinipa dagaa wa kwanza, wa moto, akasema nimefanya vizuri. Kisha akaingia ndani, akaanza kuteremsha picha ukutani, moja moja.