Posho ya Wawili

Baba yangu alikataa kula nyama ya porini hadi akakaribia kufa njaa, na wala hakuwa porini. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mbao, miguu karibu na jiko la makaa, nyumbani kwetu kilimani, juu ya soko la Gakindu, mvua ikipiga mabati. Aliyekuwa anakufa njaa ni mtu wa karatasi, msafiri wa kubuni katika mchezo ambao mimi mwenyewe niliuleta nyumbani. Mbele ya msafiri huyo nilikuwa nimeweka pongo aliyenaswa mguu mtegoni. Baba alitakiwa kusema neno moja tu, kwamba anakula. Hakulisema.

Mchezo wenyewe niliupata Nanyuki. Nilikuwa nikifanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja, na wageni wetu wengi walikuwa askari wa kigeni waliomaliza mazoezi yao na kutaka kulala kitandani kabla ya kurudi kwao. Wakiondoka waliacha vitu: soksi, wembe, vitabu visivyo na majalada. Kikundi kimoja kiliacha sanduku la kadibodi lenye vitabu viwili vyembamba na dadu za maumbo ambayo sikuwahi kuyaona. Nilikuwa nimewatazama wakicheza barazani. Hawakuwa na ubao wala karata. Mmoja alisimulia mahali walipo, wengine wakajibu: naingia, nakimbia, napiga. Siku moja nikiwapelekea chai nilimsikia mmoja akilalamika kwamba chakula chake kimekwisha na hawajamwona hata swala. Nilidhani anasema habari za mazoezi. Sanduku lilikaa stoo miezi mingi bila mtu kuliulizia, mpaka meneja akaniambia nilichukue, panya wasije wakalila.

Mama alipofariki niliacha kazi nikarudi nyumbani. Ndugu zangu walikuwa na familia zao Nyeri mjini na Nairobi. Mimi sikuwa nimeolewa. Jambo liliamuliwa bila mkutano.

Niliyoyakuta nyumbani yalikuwa machache na yalijirudia kila siku. Baba aliamka, akakama, akaenda kwenye shamba la kahawa, akarudi, akaketi. Mama ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba ile na baba msikilizaji, na sasa hapakuwa na wa kusikilizwa. Niliweza kutoka Jumatatu hadi Jumamosi nikiwa nimesikia "asante" na "funga mlango" tu. Chakula alikula nusu, iliyobaki akaifunika kwa sahani nyingine na kuiacha mezani. Hilo halikuwa jipya. Alifanya hivyo tangu utoto wangu, na mama alikuwa akituambia ni adabu, mgeni anaweza kutokea. Mgeni hakutokea, na asubuhi kuku ndio waliofaidi. Lakini mwaka ule ulikuwa mwaka wa ukame, mwaka wa mahindi ya njano, watu wakipanga foleni sokoni wapate unga ambao ng'ombe waliunusa na kugeuka. Sahani ile yenye nusu ya ugali wa njano chini ya kifuniko ilianza kuniuma macho.

Jumapili moja baada ya kanisa nikaleta sanduku mezani. Nilitarajia atainuka. Hakuinuka.

"Mama," akasema. Aliniita hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyepewa jina la mama yake. "Huyu mtu anaenda wapi?"

"Popote unapotaka, Baba. Tuseme kuna mji ng'ambo ya mlima."

"Mlima gani?"

"Wa kubuni tu."

"Hakuna mlima wa kubuni. Mianzi iko upande gani?"

Nikamwambia iko magharibi. Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeuliza njia na kuambiwa vibaya, lakini akakubali tuendelee. Nikamsomea kanuni za chakula. Kila siku msafiri hutumia fungu moja la posho. Posho ikiisha atawinda: anayesimulia hurusha dadu, na ikilala vizuri msafiri amekutana na mnyama. Anaweza pia kuokota chakula huku akitembea, ila kitabu kilisema cha kuokota hakimshibishi mtu.

"Na moshi?" baba akauliza.

"Moshi gani?"

"Amepiga mnyama. Atapika. Moshi utapanda juu ya miti."

"Kitabu hakisemi kitu juu ya moshi."

"Basi aliyekiandika hakuwahi kutafutwa na mtu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nilipofika kukata posho ya siku ya kwanza, akaninyooshea vidole viwili.

"Kata mbili."

"Baba, wewe ni mtu mmoja."

"Kata mbili, mama."

Nilidhani hajaelewa. Nikakata mbili ili tusiharibu mchezo, nikijua kwamba posho yake itaisha kabla hajaiona mianzi.

Tulicheza kila Jumapili. Jirani yetu, mjane niliyemwita tata kama tunavyowaita shangazi, alipitia kuchukua maziwa akatukuta dadu zikiviringika mezani.

"Haki ya Mungu! Siku ya Bwana, na mnacheza kamari!"

"Si kamari," baba akamjibu. "Tunatembea."

"Mnatembea wapi na makalio yenu kwenye viti?"

"Wewe keti hapo, usituzibie njia."

Akaketi na mtungi wake mapajani. Akataka kujua kwa nini mtu wa baba anakula majani. "Ati majani! Mzee, huyo si mtu, huyo ni sungura. Mpe githeri, mahindi na maharagwe!" Baba akamwambia githeri haioti msituni. Akamwambia pia, bila mtu kumwuliza, kwamba thabai, lile jani linalowasha, huchumwa ncha tu, na kwamba ukilishika kwa nguvu haliwashi kama ukiligusa kwa woga. Tata akanitazama. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyoyasikia kinywani mwake tangu mazishi.

Kwa hiyo najua nilichokuwa nikikilinda. Kwenye karatasi ya msafiri palikuwa na alama za nguvu zake, nami nilizifuta kidogo kila siku aliyolala njaa. Alama zikiisha, mtu amekufa. Mtu akifa, mchezo umekwisha, na nyumba inarudia "asante" na "funga mlango". Nilianza kupindisha kanuni. Nikampa mzinga wa asali kwenye mti uliopasuka. Nikampa matunda ya ndare kando ya kijito, na machipukizi ya mianzi. Kila kitu alikigawa mara mbili, na nusu moja ilipotea, kwa maana katika hesabu yangu hapakuwa na mtu wa pili wa kuipokea. Nikaanza kumpitishia wanyama. Dadu hazikuwa na kazi tena, niliwaleta tu.

"Swala amesimama mbele yako, Baba. Hajakuona."

"Muache apite."

"Una upinde."

"Nimesikia. Muache apite."

Nilidhani najua sababu. Kwetu wazee hawakula mnyama wa porini. Nyama ni mbuzi, kondoo na ng'ombe. Anayekula swala ni mtu asiye na zizi, na kumwambia mtu kwamba anakula vya porini ni kumtusi yeye na baba yake. Lakini hiyo ni miiko ya watu wenye tumbo. Sikuelewa jinsi inavyoweza kumfunga mtu wa penseli.

Nikamwuliza tata, tukiwa kwenye kahawa yake tukiokota matawi yaliyokauka kwa jua. Alitazama kwanza kama baba yuko karibu.

"Wewe hukuambiwa baba yako aliingia msituni wakati wa Hali ya Hatari, kupigana na wakoloni?"

"Niliambiwa. Sikuambiwa zaidi."

"Basi hata sisi hatukuambiwa zaidi. Waliingia wengi kutoka ukingo huu. Huko walikula walichopata, nani atawalaumu? Waliporudi, wazee waliwachinjia mbuzi, wakawatapisha uchafu ule ndio waingie nyumbani kwa wake zao. Kila mtu na mbuzi wake. Mbuzi mmoja ni wa mtu mmoja, hawashirikiani."

"Na baba?"

"Alikataa. Babu yako alileta mbuzi mpaka langoni. Baba yako akasema yeye hakula chochote cha kutapika." Akavunja tawi kwa goti. "Watu walisema, sasa huyu aliishi kwa kula nini? Wengine walirudi wamevimba miguu kwa njaa, na hao walikula. Lakini nani atambishia mtu mambo ya tumbo lake?"

"Alirudi peke yake?"

"Alirudi peke yake," tata akasema. "Kama aliingia na mtu, hilo mimi sijui. Usiniulize mbele ya kahawa, kahawa ina masikio."

Mvua ilikuja wiki hizo, imechelewa, na ikaja yote. Jumapili ya pongo ilinyesha tangu asubuhi, na tata hakuja kwa maziwa. Tulikuwa wawili. Msafiri alikuwa amebakiwa na alama moja. Nilipanga mahali pale kwa uangalifu kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa: upinde hauhitajiki, mbio hazihitajiki, mnyama yuko tayari na mtego si wake, mtu mwingine aliuweka na hayupo. Sikuacha kitu chochote cha kukataa isipokuwa kula kwenyewe.

Baba aliisogeza karatasi kando. Kisha akasema, "Huyo mwingine atakula."

"Mwingine yupi, Baba?"

"Huyo wa posho ya pili."

"Nani?"

"Yupo." Akasogeza makaa kwa koleo ingawa yalikuwa yanawaka vizuri. "Mimi nitachinja na kuchuna. Atakula yeye. Hawezi tena kutembea bila kula."

"Na wewe?"

"Mimi naweza."

"Huwezi. Umebakiwa na alama moja. Usipokula leo mtu wako amekufa, Baba, tazama hapa."

Hakutazama. "Rusha dadu," akasema.

"Ya nini? Mnyama amekwisha kupatikana."

"Ya moshi. Tumewasha moto. Rusha uone kama umeonekana."

Nikasema jambo la kijinga, kwamba kitabu hakina kanuni ya moshi.

"Najua hakina. Rusha."

Nilikuwa na dadu mkononi. Mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba ningerusha tusingesikia ikigonga meza. Nilitaka kumwuliza moto ulikuwa wapi, upande gani wa mianzi, na aliyekula alikuwa mtoto wa nani. Maswali yote yalikuwa yamejipanga. Lakini nilimwona usoni akingoja dadu ile, na niliona kwamba mtu anayeijua namba itakayotoka haulizwi kitu. Sikurusha. Baba akangoja, kisha akainuka, akasema ndama atalowa, akachukua gunia akajifunika kichwa na kutoka.

Aliporudi alipita moja kwa moja chumbani. Jumapili iliyofuata niliweka sanduku mezani, naye akaketi upande ule mwingine wa chumba, akasoma Biblia. Nyingine ikafuata hivyo hivyo. Nikaliweka sanduku chini ya kitanda changu.

Muda si mrefu baadaye akaniambia niende Nyeri kumwona dada yangu na kununua dawa ya kupe. Dawa ya kupe ilikuwapo Gakindu. Akaniambia nilale huko, nisihangaike na magari ya jioni. Nikalala. Niliporudi kesho yake ua ulikuwa umefagiwa, na huko chini, mahali kahawa inapokutana na mto, niliona jivu jipya na majani ya mgomba yaliyotandazwa na kukanyagwa. Tata aliniambia alimwona mzee mmoja wa ng'ambo ya mto akishuka asubuhi na mapema, mzee ambaye watu humwita kwa kazi moja tu. Hakuitaja kazi hiyo, wala sikumwomba aitaje. Nilikwenda zizini. Beberu wetu wa kahawia hakuwapo.

Jioni nilipakua chakula. Baba akala nusu, akaifunika nusu, akasema asante.

Niliishi naye miaka mingine mingi, na hatukucheza tena. Sasa nyumba ni yangu, na dadu bado ninazo. Siku za mvua huzitoa na kuzipanga mezani kwa ukubwa, kisha huzirudisha. Karatasi ya msafiri haimo sandukuni. Sikuiondoa mimi, na niliitafuta kila mahali nilipoosha na kukunja vitu vyake alipofariki.

Mbuzi mmoja ni wa mtu mmoja, hivyo ndivyo tata alivyosema, na hata wazee wengine niliowauliza baadaye walisema hivyo hivyo. Zizini alikosekana mbuzi mmoja, na sijui alikuwa wa baba au wa yule wa posho ya pili.